Mguu wa Kushoto wa Katekista

Kabla hujamwona Katekista, unamsikia. Kigango chetu hapa Bariadi kina kengele, lakini kengele ile ilikuwa ya heshima tu. Yeye akianza wimbo wa kuingilia, mbuzi wake waliokuwa wamefungwa nyumbani walikuwa wanageuza shingo, na nyumbani kwake si karibu na kanisa. Najua kwa sababu tunapakana. Kati ya kwetu na kwake kuna ua wa minyaa tu, na minyaa haizuii sauti.

Mimi aliniita Redio. Alisema nyingine ukizitoa betri zinanyamaza, hii inaendelea. Darasa la kipaimara lilikuwa na watoto wengi, lakini aliyekuwa anasimamishwa karibu na mlango ni mimi, ili nikianza fujo anitoe kwa urahisi, alisema. Nilikuwa natolewa na kurudishwa Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu akinitoa hana wa kubishana naye, na mtu yule bila mabishano alikuwa anasinzia.

"Redio, nani aliyemezwa na samaki?"

"Yona, guku."

"Alikaa humo akifanya nini?"

"Akisubiri mtafsiri."

Hapo alikuwa ananitoa nje, halafu unasikia anacheka peke yake. Utani huo ulikuwa haki yangu. Kwetu mtu wa rika la babu ni guku wako hata kama damu haiingiliani, na guku na mjukuu wanataniana mpaka mmoja achoke. Kuhusu mtafsiri, nilikuwa namsema yeye. Padri wetu si Msukuma, kwa hiyo mahubiri yalikuwa yanapita kwa Katekista ili yawafikie bibi zetu. Padri anasema sentensi moja, Katekista anasema nne, kanisa zima linacheka, padri anabaki anatabasamu kama mgeni kwenye harusi asiyemjua bwana wala bibi. Siku moja alimwuliza, "Nimesema hayo yote?" Katekista akamjibu, "Hapana Padri, lakini ulikuwa unaelekea huko."

Hiyo ndiyo Jumapili yake. Sasa subiri pamba iuzwe.

Pamba ikishauzwa, Katekista huyo huyo anavua koti la kanisani, anafunga njuga miguuni na kuwa manju. Kwa wageni: manju ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma, na ngoma kwetu si burudani ya kukaribishia mkuu wa wilaya. Ni vita. Kila kundi ni la upande mmoja kati ya pande mbili, Bagika au Bagalu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa ile ile, moja huku na jingine kule. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji ndio majaji: wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na unaona mwenyewe unavyoshindwa huku miguu bado inaruka.

Zamani dume la ng'ombe la mshindi lilitolewa na chama cha ushirika. Ushirika umebaki jina, na ghala lake ndimo kundi letu linamotunza ngoma na majembe ya kuchezea. Siku hizi pamba inanunuliwa na makampuni, ni mengi kuliko makanisa, na makampuni yamegundua kwamba Msukuma ukimletea ngoma hawezi kukunyima pamba. Kwa hiyo yanatoa dume, na fulana zenye jina la kampuni mgongoni. Vijana wote walivaa. Katekista alikataa. Alisema vitu vinavyoandikwa jina la kampuni mgongoni ni magunia.

Utauliza, kanisa lilimruhusu vipi? Padri aliyetangulia aliweka sharti moja: cheza, lakini bila dawa. Kila mtu hapa anajua kuwa mamanju wengi hawaingii uwanjani bure. Kuna kitu cha kupaka, kuna kitu cha kufukia, na hasa kuna kitu cha kuweka mdomoni ili watu wavutwe kwako kama nzi kwenye maziwa. Katekista alilishika sharti lile mpaka akaligeuza kuwa sehemu ya mchezo. Kabla ya kuanza alikuwa anatembea hadi katikati ya uwanja, anafungua mdomo mpaka unaona meno yasiyokuwepo, anatoa ulimi, anaugeuza huku na huku, halafu anapiga kelele: "Bila kitu!" Uwanja mzima unaitikia: "Bila kitu!" Ndipo mguu wa kulia unakanyaga. Daima wa kulia. Ngoma zilikuwa zinausubiri mguu ule.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa chakula. Kwaresima alifunga kwelikweli, hata mate alikuwa anayameza kwa mashaka. Kwaresima ikiisha, alilipiza. Samli alikuwa anamimina juu ya ugali mpaka ugali unabaki kisiwa. Mama Katekista, mkewe, akimwambia punguza, alikuwa anajibu kwamba Israeli waliahidiwa nchi ya maziwa na asali, hawakuahidiwa mchicha.

Moyo ulimsumbua mara ya kwanza nikiwa bado shule ya msingi. Mwanae mkubwa, ambaye ni wakala wa kampuni moja ya pamba, alimpeleka India. Tulimwombea novena, na mimi niliomba kwa bidii kwa sababu alikuwa amenikopesha njuga za kupeleka shule. Alirudi mnene zaidi, akiwa na vyuma viwili ndani ya mishipa ya moyo. Jumamosi iliyofuata alitufundisha vyuma hivyo badala ya sakramenti.

"Mmeiona springi ya kalamu? Ile ndogo? Basi, hii ni mdogo wake. Wanaipitisha hapa kwenye kinena, inasafiri mpaka moyoni, inafika pale pembamba, inapanuka, damu inapita. Sikupasuliwa. Nilikuwa macho, naona kwenye televisheni."

"Ulikuwa unatazama sinema ya moyo wako, guku?"

"Na mwigizaji alikuwa mzuri."

Wiki ile hakuna kalamu kijijini iliyosalimika. Kila mtoto alikuwa na springi mfukoni, na shuleni walimu walikuwa wanashangaa tunaandika kwa penseli.

Daktari wa India alimpa sharti la pili maishani mwake: vidonge, kila siku, asiache hata moja, kwa sababu damu ikigusa chuma kipya inapenda kuganda. Mama Katekista aliviweka kwenye kopo la majarini na kulifunika kwa kitambaa cha kusuka, kama ekaristi.

Sasa angalia masharti hayo mawili yalivyogombana.

Upande wa pili wa uwanja alikuwepo Manju wa kijiji cha Shishiyu, mzee mwembamba mwenye mwavuli wa kike, hasimu wa Katekista tangu wote wawili wana nywele. Msimu mmoja, nikiwa kidato cha kwanza, Manju huyo alimwona Katekista amejificha nyuma ya lori la pamba anameza kitu. Ilikuwa saa ya vidonge tu. Lakini dakika chache baadaye mtu yule yule yuko katikati ya uwanja, ulimi nje, "Bila kitu!" Wiki iliyofuata Shishiyu walikuja na wimbo mpya. Kwa Kisukuma ni mzuri zaidi, lakini maneno yake ni kama hivi: Katekista wa chuma, fungua mdomo tena, nyuma ya lori ulikula nini?

Watu walihama kama maji. Na haikuishia hapo, Shishiyu walipeleka malalamiko kwa wazee wa ngoma kwamba Katekista ana mashine kifuani, hachoki kama binadamu, kwa hiyo mashindano si ya haki. Wazee walikaa wakayajadili, tena kwa makini, wakaamua kwamba chuma kilichowekwa na serikali ya India si uchawi. Kuhusu kitu cha mdomoni hawakusema lolote. Na wimbo hauna rufaa. Watoto waliuimba kisimani. Mimi niliuimba bafuni.

Hapa ndipo nilipomjua Katekista vizuri. Mtu aliyemcheka kila mtu, hadi padri, hadi Yona, hakuweza kuchekwa. Jambo ambalo wengine wangelitania likapita, yeye lilimkaa. Msimu uliofuata alimwambia Mama Katekista kwamba vidonge atakuwa anavibeba mwenyewe mazoezini. Mama akafurahi kuona mzee amekuwa na akili. Kumbe alikuwa ameacha. Alimeza vidonge masika yote, ila msimu wa ngoma ulipoanza aliviacha, ili akifungua mdomo mbele ya watu awe anasema kweli. Alipanga kurudia msimu ukiisha. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, kwa daktari, na daktari alimwomba arudie kwa sababu alidhani hajasikia vizuri.

Alianguka Jumamosi, darasani kwetu. Lazima ujue kwamba Katekista alikuwa mwigizaji. Hadithi za Biblia hakuzisoma, alizicheza, na kifo bora kuliko vyote kilikuwa cha Goliati. Alikuwa anapigwa jiwe, anashika paji la uso, anazunguka, anapiga magoti, anatukana kidogo kwa Kisukuma, halafu anaanguka chali na vumbi linapanda. Tulikuwa tunapiga makofi na kuomba arudie kufa. Jumamosi ile alishika kifua, akapiga goti moja, akalala ubavu. Wenzangu wachache walianza kupiga makofi. Mimi nilitazama ubaoni. Tulikuwa tunasoma Amri Kumi, na kwenye Amri Kumi hakuna mtu anayeanguka.

Nilikimbia kwa Mama Katekista, na sauti yangu kwa mara ya kwanza ilifaa kitu. Gari la kampuni ya pamba lilimchukua mpaka hospitali ya wilaya, kesho yake Mwanza, na alipopata nguvu kidogo, mwanae akampeleka Dar es Salaam kwenye hospitali ya moyo. Siku hizi yale ya India yanafanyika huko.

Majibu yalikuwa hivi. Vyuma viwili vimeziba. Mishipa mingine nayo imesinyaa. Kuweka chuma ndani ya chuma hakutafaa. Inabidi apasuliwe kifua na damu ipitishiwe njia nyingine, pembeni ya pale palipoziba. Wenyewe wanaita baipasi. Sisi vijana tulisema Katekista, mtu wa kanisa, amepata mchepuko, na hata wazee wa Baraza la Parokia walicheka kabla ya kutukemea.

Lakini yeye alikataa. Na alichokataa si kifua.

Simu ilikuja mchana. Mama Katekista alikuwa uani anapepeta mtama, mama yangu amekuja kumliwaza, na mimi nilikuwepo kwa sababu ndimi peke yangu niliyejua kuweka spika. Tulisikia mwanae mkubwa akieleza.

"Mama, daktari anasema mshipa wa kutengenezea njia wanautoa mguuni. Baba akisikia mguu, basi."

"Wanamkata mguu?"

"Hawakati! Wanachukua mshipa mmoja. Mguu unabaki."

Halafu sauti ya Katekista mwenyewe, ndogo, kama inatoka chini ya blanketi. "Kifua wafungue hata kwa shoka. Mguu wangu wa kulia ndio unaoanza. Wakiugusa huo, nitarudi kufanya nini? Kutazama?"

"Utarudi kuwa hai!" Mama Katekista alisema.

"Hai kufanya nini?"

Ungo ulikuwa umesimama mkononi mwa Mama Katekista na kuku walikuwa wamegundua mtama. Mwanae akasema taratibu kwamba daktari anahitaji jibu leo. Mzee akitoka kitandani bila kupasuliwa, daktari hataki kusema atafika wapi.

Ndipo baiskeli iliposimama kwenye minyaa. Jogoo amefungwa kichwa chini kwenye usukani, mwavuli wa kike kwenye keria. Manju wa Shishiyu. Alikuwa ameendesha kutoka kwao kuja kutoa pole.

"Mwadila," alisema.

"Mwadila," tukaitikia, lakini macho yetu yote yalikuwa kwenye simu. Akauliza kuna nini. Mama yangu akamwambia kwa kifupi. Manju akaegemeza baiskeli, akanyoosha mkono, nami nikampa simu kwa sababu sikujua ningemkatalia vipi. Akaishika mbali na uso, kama kioo.

"Hallo! Wewe!"

"Nani huyo?"

"Mimi niliyekushinda msimu huu."

"Hukunishinda!" Sauti ikapanda kidogo. "Niliondoka uwanjani kwa sababu pumzi..."

"Kwa sababu ya nini? Malizia."

Manju akakohoa, akatazama chini. Kisha akasema, "Nasikia unagombana na madaktari habari ya mguu."

"Wa kulia ndio unaoanza. Wewe unajua."

"Najua. Nani amekwambia uwape wa kulia? Wape wa kushoto."

"Wa kushoto?"

"Miaka yote nakutazama kutoka ng'ambo. Wa kushoto unaukokota tu kama kuni. Huo haujawahi kucheza hata siku moja. Wape, ukafanye kazi moyoni, labda utajifunza."

Mama Katekista alijifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani simu imekatika. Halafu tukasikia, kwa mbali, kitu kama mtu anayevuta gunia juu ya mchanga, na mwanae akisema, "Baba usicheke sana, nesi anakuja." Na Katekista, kati ya pumzi na pumzi: "Mwite daktari. Mwulize kama wa kushoto unafaa."

Unafaa. Daktari alisema tangu mwanzo hakuwa na shida na upande, hakuna aliyemwuliza.

Manju alinirudishia simu, akaanza kufungua kamba ya jogoo. Kamba ilikuwa imekaza. "Akifa," alimwambia Mama Katekista bila kumtazama, "mimi nitaimba kumwelekea nani?" Hajawahi kuomba msamaha kwa ule wimbo, na Katekista hajawahi kumdai. Lakini hatukuusikia tena.

Upasuaji wenyewe siwezi kuusimulia, sikuwepo, na yeye safari hii hakuona televisheni. Walipasua mfupa wa katikati ya kifua, wakaunganisha njia mpya, nyingine kwa mshipa wa ndani ya kifua na nyingine kwa ule wa mguu wa kushoto, wakaufunga mfupa kwa waya. Kwa hiyo chuma kimeongezeka. Alirudi baada ya majuma kadhaa, amepungua, shingo imekuwa ndefu, na alipotusalimia nilitazama mbuzi. Hawakugeuka.

Bibi wa mtaa walikuja kuona alipofunguliwa. Alikuwa anafungua vifungo vya shati kwa subira, wanatazama, wanasema "Wabeja Mungu," yaani asante, halafu wanaomba kuona mguu. Mguu ndio uliowashangaza. Mshono ulikuwa mrefu kutoka kifundoni kupanda juu, na alikuwa anavaa soksi nene ya kubana hata kwenye joto la mwezi wa kumi.

Mimi alinipiga marufuku. Mama Katekista alikuwa amemshonea mto mdogo wa kukumbatia akikohoa, maana mfupa ulikuwa bado unaunga. Nikiingia tu mlangoni, alikuwa anaukamata.

"Redio, zima. Kicheko kinauma kuliko kisu."

"Sijasema kitu, guku."

"Uso wako unasema."

Nikajaribu kuingia na uso wa msiba. Ikawa mbaya zaidi. Alicheka mpaka akatoa machozi, hatujui ya nini, na Mama Katekista akanitoa nje kwa ufagio. Nilikaa nje ya minyaa nikasubiri kama Jumamosi za zamani, na baada ya muda nikamsikia anasema, "Mrudishe."

Kidogo kidogo alianza kutembea mpaka kwenye kisima, halafu mpaka kanisani. Vidonge anameza asubuhi, mchana na jioni, Mama Katekista amesimama mbele yake kama askari, na samli imekuwa hadithi. Darasani anafundisha ameketi. Goliati amenipa mimi. Anasema naanguka vizuri lakini natukana kupita kiasi.

Mara ya mwisho nilipomtazama vizuri ni msimu huu, uwanjani. Kundi letu lilikuwa na manju mpya, kijana mwenye fulana ya kampuni, na upande wa pili Shishiyu na mwavuli wao. Daktari alimruhusu Katekista kutembea na kuimba, kuruka hapana. Kwa hiyo tulimwekea kiti cha plastiki nyuma ya ngoma, Mama Katekista pembeni na kopo la majarini kapakata. Shishiyu walianza, watu wakaanza kutuhama. Kijana wetu alikuwa anajitahidi, lakini ilikuwa kama kuita kuku bila mtama.

Katekista akamtazama mkewe. "Saa ngapi?"

"Bado kidogo."

"Nipe sasa."

Akasimama. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja, polepole, mguu wa kulia kwanza, vidonge vyote vya mchana kwenye kiganja. Mimi nilimfuata na kikombe cha maji kwa sababu Mama alinisukuma. Akafungua mdomo. Akatoa ulimi, akaugeuza huku na huku. Waliokuwa wanamjua wakavuta pumzi tayari kuitikia.

"Leo," alisema, na mbuzi wa mtu fulani waligeuka, "kuna kitu!"

Akavitupa vyote mdomoni, akaninyang'anya kikombe, akanywa.

Kutoka ng'ambo Manju wa Shishiyu alirusha mwavuli juu. "Amekula dawa! Jamani, amekula dawa mbele yetu!"

"Nimekula!" Katekista akamjibu. "Na jioni nakula tena!"

Hapo ndipo watu walipokimbia. Walikuja wote, wanawake na watoto mgongoni, wauza karanga, hadi wapiga ngoma wawili wa Shishiyu, kuja kuona mtu aliyekula dawa hadharani. Walikanyagana kutuzunguka. Kijana wetu hakuwa mjinga, akapiga ngoma papo hapo, na watu wakishafika hawakuwa na pa kupenya kurudi. Dume tulichukua sisi.

Nilimrudisha kitini akiwa anahema kidogo, kuhema kwa kawaida kwa mzee. Alikaa, akanyoosha mguu wa kushoto mbele, akapandisha soksi.

"Redio. Sema kweli. Wale watu walikuja kutazama ngoma au vidonge?"

"Vidonge, guku."

Akafikiri. Ng'ambo, Manju alikuwa anautafuta mwavuli wake vumbini.

"Basi mwakani," alisema, "nitameza kimoja kimoja."